Honisako ya kijani mwaka mzima: ubwiri unga na chini kuwa tupu

Ndugu, umesema honisako yako (mmea wa maua unaotambaa, kwa Kiingereza honeysuckle) ya aina ya Halliana, iliyopandwa ukutani huko Uingereza, ina unga mweupe kwenye majani na chini imebaki vijiti vitupu. Chanzo kikubwa ni ukavu. Udongo ulio chini kabisa ya ukuta hupata mvua kidogo, na mizizi ikikosa maji ubwiri unga, yaani ugonjwa wa ukungu unaoleta huo unga mweupe, hushambulia haraka.

Kama bado ni changa, ihamishe majani yanapoanza kuchipua, mwezi Machi. Chimba shimo sentimita 45 kutoka ukutani, upana mara 2 ya bonge la mizizi, uchanganye ndoo moja ya mboji. Inamisha mmea kuelekea ukutani, kisha umwagilie lita 10 kila wiki kiangazi chote cha kwanza. Tandaza matandazo ya sentimita 5, lakini yasiguse shina. Mizizi ipate kivuli, kichwa kipate jua.

Honisako haishiki ukuta, hujizungusha. Funga waya za mlalo kila sentimita 30, zikae mbali kidogo na matofali ili hewa ipite.

Ule utupu wa chini unatibika kwa mkasi: kata matawi 2 au 3 ya zamani hadi sentimita 30 kutoka ardhini, machipukizi mapya yatatokea. Usikate yote kwa pamoja. Mbolea yenye naitrojeni nyingi iache kabisa. Huleta majani laini yanayopendwa na vidukari, na maua hupungua. Kama kuna watoto, vitunda vyeusi wasile.