Mama kuvunjika mkono kwa kuteleza tu: msiishie kwenye plasta

Ndugu yangu, umeeleza kwamba mama yako mwenye umri wa miaka 71 aliteleza bafuni akavunjika kifundo cha mkono, nawe unauliza kama plasta inatosha. Plasta itasaidia mfupa huo mmoja kuunga. Haitatibu kilichoufanya uvunjike kirahisi. Mwanamke aliyekoma hedhi anapovunjika kwa kuanguka kutoka kimo chake mwenyewe, anapaswa kuchunguzwa osteoporosisi (ugonjwa wa mifupa kudhoofika na kuvunjika kirahisi), kwa kuwa mvunjiko wa kwanza huongeza hatari ya mwingine, na wa nyonga ndio wa kuogopwa zaidi.

Mwombeni daktari kipimo cha msongamano wa mifupa; kisipopatikana karibu, anaweza kukadiria hatari kwa umri, uzito wa mwili na dawa anazotumia mama, hasa prednisoloni (dawa ya steroidi inayoweza kudhoofisha mifupa). Akiandikiwa alendroneti, dawa ya kutibu osteoporosisi, ya kumeza mara moja kwa wiki, aimeze asubuhi kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji matupu, kisha asilale kwa angalau nusu saa, kwani dawa hiyo huweza kuunguza umio. Chai ya maziwa isubiri (hapo ndipo wengi hukosea). Dagaa wanaoliwa na miiba yao wana kalisi nyingi, lakini hawachukui nafasi ya dawa. Bafuni wekeni kishikio ukutani, na kandambili zilizolika soli mzitupe leo.