Kesi usiisome nusu, mie yashanikuta

Jana kijana wa Kisauni kanitumia meseji: "Anti, nimepata kesi kwa tovuti ya hukumu ya Kenya Law, yafanana kabisa na ya mamangu ya kufukuzwa kwa nyumba, niiprinti tu nipeleke?" Nikacheka, kisha nikanyamaza.

2018 nilikuwa karani kwa wakili mmoja hapa Mombasa, tukawa na wateja waliobomolewa nyumba. Nikaingia Kenya Law (bure, bando lako tu), nikasachi kwa Kizungu maana hukumu karibu zote ni za Kizungu, nikaipata Mitu-Bell, ya watu wa kijiji cha Mitumba karibu na uwanja wa Wilson kule Nairobi, walibomolewa 2011 na Mahakama Kuu ikawapa haki 2013. Nikaprinti yote, nikapaka kalamu ya njano, nikajiona mie ndiye wakili sasa.

Kortini wakili wa upande wa pili kasimama polepole, kafunga kifungo cha koti, kasema hukumu hiyo Mahakama ya Rufaa iliitupa 2016. Bosi hakunigombeza. Alizikunja zile karatasi mara mbili, njano ikiwa ndani, akazitia mkobani. Afadhali angenitukana wallahi.

Na kumbe haikuwa imeisha! Januari 2021 Mahakama ya Juu ikaipindua ile ya Rufaa, ikasema jaji aweza kutoa amri na akabaki akiisimamia mpaka itekelezwe. Wateja wetu walikuwa washahama zamani.

Kwa hivyo ukipata kesi, chukua majina ya wahusika uyasachi tena uone kama ilikatiwa rufaa, na uangalie herufi za korti zinazofuata mwaka: KEHC ni Mahakama Kuu, KECA Rufaa, KESC ndiyo ya Juu. Ile ya Dina Management na Kaunti ya Mombasa, ya kiwanja cha ufuoni Nyali, ilianzia korti ya ardhi hapa hapa ikafika Mahakama ya Juu, na 2023 wakasema hati peke yake haitoshi, lazima ionekane ardhi ilivyotoka tangu mwanzo. Hiyo korti zote tatu zilikubaliana, lakini utajuaje kama hukuifuata? Nyinyi vijana mwaona aya moja tamu mwakimbia nayo, na mimi nilikuwa hivyo hivyo.

Wewe wa Kisauni, nitumie majina, mwaka na hizo herufi. Na usiprinti kwanza, saiba ni shilingi kumi ukurasa na hukumu hizi hazina haya, zafika kurasa hamsini.