Mke si mtegemezi

Msimu wa kodi umefika Marekani, na wasomaji wa huko wananiletea swali lilelile kila mmoja na kanzu yake: nani awe mtegemezi, yaani mtu unayemtunza na kumwandika kwenye fomu yako upunguziwe kodi. Haya.

*Naishi na mwenzangu Minneapolis, hatujaoana, hana kazi. Naweza kumweka kama mtegemezi kwenye fomu ya 2025?*

Unaweza, akitimiza masharti yote. Awe ameishi kwako mwaka mzima, Januari 1 hadi Desemba 31. Aliyehamia Februari, msubirini mwaka ujao. Kipato chake kisifike dola 5,200. Zaidi ya nusu ya matumizi yake (chakula, matibabu, sehemu yake ya pango) yatoke mfukoni mwako, na stakabadhi uwe nazo. Yote hayo kwa dola 500 za kupunguziwa kodi. Kama hudaiwi kodi, hupati hata senti.

*Anasuka nywele nyumbani, analipwa taslimu. Nayo inahesabiwa?*

Ndiyo.

*Mchumba wangu yuko Mombasa, namtumia pesa kila mwezi.*

Umesoma jibu la kwanza?

*Nikimweka mwenzangu kama mtegemezi, nitafaili kama mkuu wa kaya?*

Hapana, na nimechoka kulijibu hili. Mwenzako anahesabiwa kwa kuwa anakaa kwako tu, si ndugu yako. Hadhi hiyo, yenye kodi nafuu kwa asiye na ndoa anayeendesha kaya, huletwa na mtoto au jamaa unayemtunza.

*Tulioana kimila Mwanza, mahari ikatolewa, ila cheti hatuna. Anayetujazia fomu anasema tufaili kama wachumba, mke wangu awe mtegemezi.*

Huyo mkimbieni. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inaitambua ndoa ya kimila, na Marekani nayo huitambua ndoa iliyofungwa kihalali ng'ambo. Basi nyinyi ni mume na mke, na mke hawi mtegemezi kamwe: mnafaili pamoja, au kila mtu fomu yake kama mwanandoa. Wa Texas nao wasijidanganye. Kule mkikubaliana kuwa wanandoa, mkaishi pamoja na kujitambulisha hivyo kwa watu, ndoa ipo hata bila cheti. Halafu kuna wanaoandika "mke wangu" kwenye fomu za uhamiaji na "mtegemezi" kwenye za kodi, kana kwamba serikali ni mbili.

Tena mwulizeni huyo fundi wenu wa kujaza fomu kama atasaini na kuweka PTIN yake, namba ya utambulisho ya wanaojaza fomu za kodi kwa malipo, maana sheria inamtaka hivyo kila anayelipwa kwa kazi hiyo. Akianza kujiuma, chukueni makaratasi yenu. Barua ya kudaiwa ikija itakuwa na jina lenu, si lake.