Maswali yenu ya taa za urembo: fyuzi mmeiweka wapi?

Barua za safari hii karibu zote ni za taa za LED za urembo: chini ya dashibodi, chini ya viti, kwenye grili, chini ya bodi. Rangi mmeuliza zote. Fyuzi, kile kidude kinachokata umeme ukizidi, imetajwa na mtu mmoja tu, naye aliitaja kwa sababu fundi wake ameshaitoa. Tuanze na huyo.

Nina Premio. Nimenunua mkanda wa LED wa mita mbili wa kuweka miguuni. Fundi ameuunga kwenye waya wa redio na kukata kile kifuko cha fyuzi kilichokuja na mkanda, akasema redio tayari ina fyuzi yake. Kuna ubaya? (Ntinda)

Upo, ssebo, tena mkubwa. Fyuzi hailindi taa, inalinda waya. Fyuzi ya redio kwenye magari mengi ni ya ampea 10 au 15, na ilichaguliwa kiwandani kwa kuangalia unene wa waya wa redio. Waya uliokuja na mkanda wako ni mwembamba kama uzi wa kushonea. Siku utakapochubuliwa na reli ya kiti ukagusa bodi, utajaribu kupitisha umeme wote ambao fyuzi ya redio inauruhusu. Waya utakuwa umeshachemka na kuyeyusha plastiki yake chini ya zulia, na fyuzi ya 15 bado nzima. Watu husema "gari limepigwa shoti likaungua" kana kwamba shoti ni radi. Hapana, aliyeikaribisha alikuwa na koleo mkononi.

Hesabu yenyewe haina ugumu. Mkanda wa 5050 (hiyo ni namba ya aina ya taa zake) wenye taa 60 kwa mita hula wati 14.4 hivi kwa kila mita zikiwaka zote. Mita mbili ni karibu wati 29, na ukigawanya kwa volti 12 unapata ampea 2.4. Fyuzi ya 5 inatosha na kubaki, ile ya kahawia hafifu. Iwekwe karibu na pale unapochukua umeme, siyo kule taa zilipo, kwa sababu kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakilindwi na chochote. Kuna kiunganishi kinachochomekwa kwenye tundu la fyuzi na kubeba fyuzi mbili, ya zamani na yako. Mwambie fundi atumie hicho, kwenye tundu linalopata umeme ufunguo ukiwa umewashwa tu. Eathi, ule waya wa kurudishia umeme kwenye bodi, aifunge kwa bolti kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, asiisokote kwenye waya mweusi wowote aliokutana nao.

Hukuniuliza, lakini nakwambia: akivua vifuniko vya plastiki na kukuta soketi au waya za njano, aziache kabisa. Kwa kawaida hizo ni za mifuko ya hewa. Asizitoboe, wala asizipime kwa taa ya kupimia. Na kwenye nguzo za kioo cha mbele, kama gari lina mifuko ya pembeni, mkanda usipite pale mfuko unapofungukia.

Mzee, LED gani nzuri kwa gari? (hakuandika anakotoka)

Gari gani? Sehemu gani ya gari? Maswali ya hivi yanaletwa kila wiki, na kila wiki nayaweka kando.

Betri ya Wish yangu inalala nikiacha gari Jumamosi hadi Jumatatu. Ilianza nilipoweka taa zinazoendeshwa kwa simu. Lakini nikishuka nahakikisha nimezizima. (Mukono)

Umezima taa, dada. Kile kisanduku kinachopokea amri ya simu hakijazimika, kiko macho usiku kucha kikikusubiri. Dawa yake ni kukihamishia kwenye umeme unaokatika ukizima gari.

Ila sitaki ukilaumu peke yake. Tuseme kinakula miliampea 30. Kwa saa 48 hiyo haifiki hata ampea-saa moja na nusu, na betri nzima ya ampea-saa 45 haiwezi kulala kwa kiasi hicho. Kwa hiyo ama kisanduku chako ni kibovu na kinakula zaidi, ama fundi ameacha kitu kingine kikiwaka, ama betri yenyewe imechoka na taa zimefichua tu ugonjwa. Pima. Zima gari, funga milango, toa kichwa hasi cha betri, weka mita kati ya kichwa hicho na betri, kwenye tundu lake la ampea 10, halafu subiri nusu saa kompyuta za gari zilale. Chini ya miliampea 50 gari halina neno, kanunue betri. Ikizidi hapo, chomoa fyuzi moja moja hadi namba ishuke. Mita ikiwa bado imeunganishwa usithubutu kupiga stata, utaiunguza.

Mkanda wangu mpya umeanza kufa vipande vipande. Taa tatu hapa, tatu kule, nyingine zinawaka. Niliununua Kampala na ulipojaribiwa dukani uliwaka wote. (Jinja)

Dukani kila mkanda huwaka. Muuzaji anaugusisha kwenye betri iliyo mezani kwa sekunde tatu, unang'aa, unalipa. Betri ile ina volti 12 na kidogo. Gari lako likiunguruma, altaneta, ile mashine inayochaji betri, inasukuma volti 13.8 hadi 14.4, na hapo ndipo mkanda wa bei rahisi unapokiona cha moto.

Angalia kwa karibu utaona alama ndogo za mkasi kila baada ya taa tatu. Taa hizo tatu zimefuatana kwenye njia moja pamoja na rezista moja ndogo ya kuzuia umeme, ndiyo maana zinakufa tatu tatu. Chukua mkanda mweupe: kila taa inataka volti 3.2 hivi, zikiwa tatu ni 9.6. Kwa volti 12, rezista inabakiwa na volti 2.4 za kuzuia. Kwa 14.4, inabakiwa na 4.8, maradufu! Kwa hiyo umeme unaopita kwenye taa unaongezeka karibu maradufu, ingawa wewe unaona volti zimepanda kidogo tu. Ongeza joto la dashibodi ya gari lililoegeshwa juani mchana kutwa, na sidhani utashangaa tena.

Nunua kile kifaa kidogo kinachoshikilia volti 12 hata altaneta ikipanda, au chukua mkanda uliotengenezwa kwa ajili ya magari, ulioandikwa volti 12 hadi 16. Mkanda wa kupambia ukumbi wa harusi ni wa ukumbini. Na kabla hujabandika, futa plastiki kwa spiriti hadi kitambaa kitoke safi. Ile mafuta ya kung'arisha dashibodi mnayopenda kupaka kila Jumapili ndiyo inayoangusha mikanda, msiisingizie gundi.

Niliweka taa za buluu na nyekundu za kumetameta kwenye grili, afande akanisimamisha. Mbona magari ya wakubwa wanaziweka? (Kampala)

Afande alifanya kazi yake. Buluu na nyekundu za kumetameta ni za polisi, ambulensi na zimamoto. Kuhusu hao wakubwa wanaotusukuma pembeni kwenye foleni ya Barabara ya Jinja na vimulimuli vyao, mengi yangeweza kusemwa, na nusu yao sina hakika kama ni wakubwa. Lakini hoja yangu haimhusu afande. Kila bandia inayopita inamfundisha dereva kupuuza ile ya kweli, na siku ambulensi itakuwa imembeba mtu wako, hutafurahi kuona watu hawapishi. Zitoe. Mbele gari liwe na nyeupe au manjano, nyuma nyekundu, indiketa rangi ya chungwa. Anayekuja kinyume nawe usiku anajua kwa rangi hizo tu kama unamjia au unamwacha. Ukiweka kamkanda kekundu ndani ya grili, hata kama hakameti, unamdanganya.

Indiketa zangu za LED zinapepesa haraka mno. (Entebbe)

Balbu ya kawaida ya indiketa ni wati 21, ya LED ni wati chache tu, basi gari linadhani balbu imeungua na linakupigia kelele. Kama gari lako lina rilei ya indiketa (kile kidude kinachozipepesesha) inayotoka, weka ya LED. Watakuuzia pia rezista za ohmu 6 za kufungia sambamba na balbu. Zinafanya kazi, lakini kila moja inageuza wati 30 kuwa joto muda wote indiketa inapowaka, kwa hiyo zifungwe kwenye chuma kwa skrubu. Nimeona moja imebandikwa kwa tepu nyuma ya bampa la plastiki, na bampa limefanya kidonda. Ushauri wangu wa kweli? Rudisha balbu za zamani. Hazikuwa na kosa.

Naendesha taksi ya usiku Kampala hadi Mbale. Abiria wanapenda taa za rangi za kucheza na muziki ndani, na kondakta ananisukuma niweke. Zina madhara? (Mbale)

Nimefurahi kwamba dereva ndiye anayeuliza, maana kawaida huniandikia mwenye gari, ambaye saa hizo amelala.

Zina madhara, na yote yanaangukia kwako. Mwanga wowote wa ndani unajirudia kwenye kioo cha mbele kama pazia, na jicho likizoea mwanga wa ndani linapunguza uwezo wake wa kuona gizani. Kulirudisha kikamilifu kunachukua dakika ishirini hadi thelathini. Rangi hazilingani: buluu na nyeupe kali ndizo mbaya kuliko zote, kwa sababu zile chembe za jicho zinazoona gizani zinashtuliwa sana na buluu. Nyekundu haizigusi sana. Sasa fikiri uko ndani ya msitu wa Mabira, hakuna taa ya barabarani, mbele kuna lori limeharibika na dereva wake ameweka matawi ya miti lami nzima kama tahadhari. Tawi la kijani halirudishi mwanga. Utaliona ukiwa umbali gani, buluu ikikuchezea usoni?

Ukilazimika, weka nyekundu au chungwa iliyofifizwa, sakafuni, kuanzia safu ya pili ya viti kwenda nyuma, na swichi iwe mkononi mwako, siyo kwenye simu ya kondakta. Za kucheza na muziki ziwake mkiwa mmesimama stendi mkiita abiria. Gari likitembea, zizimwe. Kondakta akinuna, mwache anune.

Nataka taa za chini ya bodi kwa Subaru. Kijijini kwetu ni barabara ya murramu. Zitadumu? (Fort Portal)

Chagua zilizofunikwa zote kwa mpira au silikoni, zenye alama ya IP67 kwenda juu. Alama hiyo inamaanisha zinavumilia kuzama mita moja kwa nusu saa. Haimaanishi zinavumilia bomba la shinikizo la vijana wanaoosha magari, wala jiwe la murramu. Mara nyingi kinachokufa kwanza ni kiungo cha waya, kwa hiyo viungo vyote vipandishwe ndani ya gari. Usizifunge kwa klipu za plastiki karibu na ekzosi. Zaidi ya hapo ni pesa yako, na matope yatazifunika kabla hujafika nyumbani kuonyesha.

Fundi, nimebadilisha balbu za taa kubwa za mbele nikaweka LED. Naona vizuri, ila kila anayekuja ananipigia full. Wivu? (Mbarara)

Nimelijibu hili mara nyingi hadi nimechoka, lakini kwa sababu umesema wivu, nitalirudia.

Kioo cha ndani cha taa yako kilichongwa kwa ajili ya ule uzi wa balbu ya halojeni, mahali pake palepale. LED uliyochomeka ina umbo lingine, hivyo mwanga unaruka kila upande, mwingi ukiishia machoni mwa mwenzako. Wewe unaona mwanga mwingi mita ishirini mbele na unadhani unaona mbali. Hawakuonei wivu, hawaoni barabara.

Magari yetu mengi yametoka Japani, ambako nao wanaendesha kushoto, kwa hiyo taa za asili tayari zimepangwa sawasawa na barabara zetu. Kinachozifanya hafifu ni plastiki ya nje iliyogeuka manjano kwa jua. Isugue kwa msasa laini na maji, ing'arishe, kisha pima volti kwenye soketi ya balbu injini ikiwaka. Ukikuta 11 na betri ina 14, waya au eathi imeoza, na balbu yoyote itakuwa hafifu. Tengeneza hiyo.

Lori langu la Fuso ni la volti 24. Naweza kufunga mkanda wa 12 kwenye betri moja kati ya mbili? (Malaba)

Usifanye hivyo. Betri utakayoifyonza itakuwa pungufu daima, ile nyingine itajazwa kupita kiasi, na utazika zote mbili. Mikanda ya volti 24 ipo, iulizie kwa jina.

Kwenye boda nikiweka LED za rangi kwenye magurudumu, wateja wataongezeka? (Bwaise)

Sijui biashara, najua umeme: betri ya pikipiki ni ndogo, na taa za gurudumu zenye betri zake ndani hazitaigusa, kwa hiyo chukua hizo, siyo za waya. Halafu washa taa yako ya nyuma. Jioni nyingi napita Bwaise na boda zinazong'aa zambarau kwenye rimu hazina hata moja ya nyuma inayowaka.