Chemsha Jumamosi, unga siku yenyewe

Wengi wanaosema kupanga chakula cha jioni kumewashinda walianza na ratiba: Jumatatu wali maharage, Jumanne ugali samaki, mpaka Jumapili pilau. Karatasi inabandikwa kwenye mlango wa friji, na ikifika Jumatano hakuna anayeitazama. Sishangai. Ratiba inakwambia utakula nini, lakini haikupunguzii hata dakika moja ya kazi inayokusubiri ukishuka kwenye daladala ya kutoka Mtumba, kwenye ofisi za serikali hapa Dodoma, na giza linaingia.

Mimi napanga moto kwanza, chakula baadaye. Mapishi yetu mengi yana kazi mbili: kuchemsha, ambako hula saa nzima na zaidi, na kuunga, ambako ukiwa na vitu vyako tayari hakuzidi robo saa. Kuchemsha kote nimekuhamishia Jumamosi. Katikati ya wiki ni kuunga tu, na kusonga ugali au kupika wali.

Maharage yaloweke Ijumaa usiku. Asubuhi mwaga yale maji, weka mengine, chemsha mpaka yaive kabisa, maana maharage mekundu yasipochemka vizuri yana sumu inayovuruga tumbo. Usiweke nazi, usiweke nyanya. Kilo moja kavu ikiiva inazidi kilo mbili, kwa hiyo usipike kama una harusi. Yakipoa gawa kwenye vikopo, kila kikopo mlo mmoja wa familia. Vya siku mbili za mwanzo vikae friji, vingine friza. Hapo ndipo utaona faida ya kutoyaunga mapema: Jumanne yanakuwa ya nazi, Alhamisi yanakaangiwa kitunguu na nyanya, na kama ulichemsha na mahindi yaliyokobolewa, una makande siku ya kazi, jambo ambalo jirani yangu alidhani ni mzaha.

Nyama ni hivyo hivyo. Jumamosi ni siku ya mnada wa Msalato, anayependa aende huko, ingawa bucha la mtaani linatosha. Ikate, ichemshe na tangawizi, chumvi na ndimu mpaka ilainike, halafu uigandishe pamoja na supu yake. Ile supu usimwage kamwe. Ndiyo itakayopikia wali.

Umeme nao tunaujua. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, hushika baridi kwa takriban siku mbili. Iliyojaa nusu ni kama siku moja. Sehemu tupu zijaze chupa za maji. Kazi kubwa ni watoto, ambao umeme ukikatika tu ndipo wanakumbuka kwenda kuchungulia ndani.

Kwenye majani, mboga yenyewe ndiyo inayopanga siku. Ukinunua Soko la Majengo Jumapili, mchicha na matembele ni vya Jumatatu, ukichelewa sana Jumanne, kwa sababu hewa kavu ya Dodoma inanyausha majani haraka. Kabichi na karoti zitakungoja mpaka Alhamisi bila kulalamika. Usioshe majani kabla ya kuyahifadhi. Yafunge kwenye kipande cha khanga kuukuu, uoshe siku ya kupika.

Halafu kuna mlenda. Wagogo walishamaliza tatizo hili kabla friji haijafika huku. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, kwa hiyo majani huchumwa yakiwa mengi, yakaanikwa na kutwangwa, yakaliwa kiangazi chote. Maji yakichemka unatia magadi kidogo (kidogo kweli, yakizidi unaharibu ladha), mlenda wako na karanga zilizosagwa, unakoroga. Utaiva kabla ya ugali. Wanaohamia hapa kikazi huudharau mwanzoni, hiyo ni shauri yao, ila nyumba ya Dodoma isiyo na kopo la mlenda mkavu kabatini inajitafutia taabu.

Wali pekee siupiki mapema. Wali uliolala nje kwenye joto unaweza kukuharisha hata ukiupasha moto ukatoa mvuke, kwa hiyo pika wa jioni ile, na ukibaki uingie friji mapema.

Kama una dada wa kazi, mpango huu unamsaidia zaidi yako. Hashindi jikoni, na huna haja ya kumpigia simu mchana kumwelekeza.

Ijumaa usiipangie kitu. Ni siku ya vikopo vilivyobaki, au chipsi mayai kama mwezi bado mchanga. Ila kikopo kimoja cha maharage kibaki friza daima, kwa ajili ya ndugu wa kijijini anayekuja kutibiwa mjini na kupiga simu akiwa tayari yuko stendi.