Mwambie mkutubi shida yako yote

Mwaka wangu wa kwanza kazini maktaba hapa Tabora, mzee mmoja kutoka Sikonge aliingia, akavua kofia mlangoni. Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba, mwanangu. Naomba kitabu cha sheria." Nikampeleka rafu ya 340, nikarudi dawatini nikijua nimemhudumia. Nusu saa baadaye bado alikuwa akifungua na kufunga vitabu vilevile.

Nilipokwenda kukaa naye ndipo akanieleza. Mnunuzi alikuwa amemrudishia ndoo za asali, imechachuka. Alitaka kujua kama anaweza kudai fedha yake. Kumbe dawa yake ilikuwa 638, kwenye ufugaji nyuki: masega yakivunwa kabla nyuki hawajayaziba, asali huwa na maji mengi, na asali ya namna hiyo huchachuka. Miwani aliiacha nyumbani, basi nikamsomea ukurasa mzima kwa sauti. Kosa lilikuwa langu, sikumuuliza.

Kwa hiyo nakuomba, usije na jina la kitabu peke yake. Njoo na shida. Sema, "Mwanangu hesabu za sehemu zinamshinda," au "Mahindi yangu yanaliwa ghalani." Ukiona aibu, omba mzungumze pembeni. Ulichosoma ni siri yako, na mkutubi anayejua kazi yake hamsimulii mtu.

Namba unazoziona mgongoni mwa vitabu ni za mfumo wa Dewey, ulioanza kutumika mwaka 1876. Kazi yake ni kuweka vitabu vya jambo moja pamoja, kwa hiyo ukipata kimoja kinachokufaa, kagua na majirani zake kushoto na kulia. Fasihi ya Kiswahili iko 896.392. Na ukimaliza kusoma, tafadhali kiache kitabu mezani. Kikirudishwa rafu isiyo yake, kwetu kimepotea, hata kama kimo humohumo ndani. Nimewahi kutafuta kitabu kimoja siku tatu, huku mwanafunzi aliyekihitaji akija kila jioni na kuondoka mikono mitupu. Iliniuma sana.

Kuna pia magazeti, vitabu vya watoto, na meza tulivu kwa anayejiandaa na mtihani ambaye nyumbani kwao hapana nafasi.

Wapo vijana wanaoniuliza namna ya kuingia kwenye kazi hii. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ina chuo chake cha ukutubi Bagamoyo. Anzia huko kuulizia. Kupenda kusoma ni vizuri, lakini hakutoshi: uwe na subira na watu. Ukienda mafunzo kwa vitendo, huenda wiki ya kwanza ukapewa kitambaa na rafu za 600 uzipanguse vumbi. Usinune. Pangusa taratibu, ukisoma kila mgongo. Mimi nilipangusishwa hizohizo, na ndiyo maana siku ile nilinyoosha mkono nikakitoa kitabu cha nyuki bila kufungua katalogi.