Malori matatu na udongo wa Santa Susana

Ndugu, nimekuelewa: una malori matatu California na unataka kubeba udongo uliochafuka kutoka Santa Susana, palipojaribiwa injini za roketi na vinu vya nyuklia. Usikimbilie zabuni ya serikali moja kwa moja. Nafasi yako iko chini ya mkandarasi mkuu.

Jisajili SAM.gov, tovuti ya serikali kuu ya Marekani kwa wanaotafuta kandarasi zake, upate namba ya UEI inayoitambulisha kampuni yako. Ni bure, kwa hiyo anayekudai ada mkatae. Weka msimbo 562910, wa usafishaji wa mazingira. Kwa taka hatarishi utahitaji pia usajili wa msafirishaji kutoka DTSC, idara ya jimbo inayosimamia taka zenye sumu, na namba ya EPA, shirika la mazingira la Marekani. Watakaofanya kazi ndani ya eneo wapate mafunzo ya HAZWOPER, yaani ya usalama kazini penye taka hatarishi, saa 40.

Bei ndiyo inayoumiza wengi. Udongo ukichimbwa hufura, mara nyingi kwa robo ya ujazo wake, na ukinyeshewa huwa mzito. Lori na mzigo vikifika pauni 80,000 umegota kikomo cha barabara, hata kama bodi haijajaa. Toza kwa tani iliyosomwa kwenye mizani, si kwa safari.

Halafu hili nakuomba sana: mkataba utaje kwamba dampo limechaguliwa na mwenye taka. Ukilichagua wewe, CERCLA, sheria ya Marekani ya kusafisha maeneo yaliyochafuliwa, inaweza kukubebesha gharama za kulisafisha miaka mingi baadaye. Bima ya kawaida ya biashara mara nyingi haigusi uchafuzi. Nunua ya uchafuzi. Mzigo wenye mionzi usiuguse kabla mwanasheria na mtaalamu wa kinga ya mionzi hawajasoma karatasi zote.